Kazi Ikipungua, Nani Aondoke?

Somo hili lilisomwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili ninyi mlio katika vikundi mpate kulirudia polepole. Mmoja wenu na asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.

Jambo la leo halipendwi na mtu. Mahali pa kazi pamepungukiwa fedha, na lazima baadhi ya watu waondoke. Je, ni nani? Na nani mwenye haki ya kuchagua?

Tuchukue mfano. Tuseme hapa Buswahili pana ghala la chama cha wakulima wa pamba. Ghala hili tumelibuni kwa ajili ya somo tu, msilitafute. Lina watumishi sita. Karani amekaa miaka 7, naye ni mpwa wa mwenyekiti. Mpima mizani ana mwaka 1 na miezi, lakini ni yeye peke yake aijuaye mizani mpya. Wapo wachukuzi wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 3. Mlinzi ni mzee wa miaka 14 kazini. Mfagiaji ni mjane mwenye watoto wanne, naye ana miaka 2. Mavuno yamekuwa mabaya, na fedha iliyopo yatosha mishahara ya watu wanne.

Naamini kila mmoja wenu amekwisha kuchagua moyoni. Ulizaneni sasa hivi, na mtaona kwamba hamkuchagua watu wale wale. Hapo ndipo penye tatizo. Basi tutazame jinsi watu waliotutangulia walivyochagua.

Siku za kipande

Wakati wa utawala wa Waingereza, vibarua wengi wa mashamba na migodi walifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na siku 30 zilipotimia mtu alipata ujira wake. Tajiri akitaka kupunguza watu hakuwa na haja ya kumfukuza mtu. Kipande kikiisha, hakumpa kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya mkonge ilipoanguka duniani, mashamba yalipunguza vibarua wengi namna hiyo.

Je, nani alipata kipande kingine? Mara nyingi ilitegemea neno la nyapara. Aliyempendeza nyapara alibaki, aliyemuudhi alishika njia. Kipimo kilikuwapo, lakini kilikaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, wala hapakuwa na mahali pa kukiulizia.

Kiabakari

Ninyi mpitao barabara itokayo Bunda kwenda Makutano mwajua Kiabakari. Hapo palikuwa na mgodi wa dhahabu, uliochimbwa na kampuni iitwayo Tangold. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1966. Kazi ikifungwa yote, huzuni ni kubwa, lakini hakuna maswali ya nani abaki. Wote waondoka, na hakuna jirani amtazamaye mwenzake kwa jicho baya.

Shida ya kuchagua haimo katika kufunga. Imo katika kupunguza, pale wawili waondokapo na wanne kubaki. Na pale mahali pa kazi palipo padogo shida huzidi, kwa sababu achaguaye na achaguliwaye huteka maji kisima kimoja na kuzika wafu wao pamoja.

Kipimo kabla ya majina

Mwaka 1963 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikutana Geneva, wakatoa pendekezo juu ya watu kuachishwa kazi. Walisema kwamba wafanyakazi wanapopunguzwa, wachaguliwe kwa vipimo vilivyo wazi, na vipimo hivyo viwekwe mapema kila iwezekanapo. Vipimo viangalie faida ya kazi na faida ya wafanyakazi pia. Wakataja vingine: ujuzi na uzoefu, muda mtu aliokaa kazini, umri wake, na hali ya jamaa zake. Tena waliondolewa wapewe nafasi ya kwanza kazi ikirudi.

Angalieni neno lile: mapema. Maana yake ni kwamba kwanza tukubaliane juu ya rula, ndipo tupime nguo. Tukianza na majina, tutatafuta rula itakayomkata mtu tuliyekwisha kumchagua. Tukimchukia kijana tutasema, “Wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka.” Tukimchukia mzee tutasema, “Abaki mwenye nguvu.” Maneno yote mawili yana haki ndani yake, lakini yote mawili yaweza kutumiwa kama fimbo.

Mwaka uliofuata, 1964, nchi yetu ilitunga sheria ya kulinda ajira. Katika kila mahali penye wanachama kumi au zaidi wa chama cha wafanyakazi, iliundwa Kamati ya Wafanyakazi. Moja ya kazi za kamati ilikuwa kushauriana na mwajiri iwapo watu watapunguzwa. Neno la nyapara peke yake halikutosha tena.

Kipimo kilichokataliwa

Mwaka ule ule wa 1964, mwezi wa Januari, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama hapa hapa kwetu, alitoa agizo ambalo halikuwapendeza wote. Tangu uhuru wa 1961, serikali ilikuwa ikiwatanguliza Waafrika katika kujaza nafasi zake, ili kuondoa upungufu ulioachwa na ukoloni. Mwalimu akasema sasa basi: raia wote watazamwe sawa katika kuajiriwa, kufundishwa na kupandishwa cheo, bila kuulizwa asili yao. Viongozi wengine wa vyama vya wafanyakazi walimpinga.

Habari hii yahusu kuajiri, lakini fundisho lake lafaa pia katika kupunguza. Kuna vipimo ambavyo havifai hata vikiwapendeza walio wengi. Kwetu Mara, pamoja na Wazanaki, Wajita, Wakurya, Waikizu, Wakwaya na wengine wengi, jambo hili si dogo. Katika ghala la watu sita, kabila la mwenyekiti laweza kuwa rula isiyotajwa na mtu ila yafahamika na wote.

Miaka ya shida

Katika miaka ya 1990 kupunguzwa kulifika karibu kila mji. Watumishi wa serikali, waliokuwa wapatao 350,000 mwanzoni mwa miaka hiyo, walikuwa chini ya 300,000 ilipofika mwisho wake. Mashirika ya umma nayo yaliuzwa au kufungwa. Kisha mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ikazuia kwa muda samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na wavuvi wengine. Viwanda vya minofu kandokando ya ziwa vikapungukiwa kazi. Siku kama hizo kibarua wa siku ndiye wa kwanza kuambiwa, “Kesho usije.” Hakupimwa kwa rula yo yote, kwa kuwa jina lake halikuwamo katika daftari.

Sheria ya 2004

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa mwaka 2004. Yamtaka mwajiri afanye mambo haya kabla ya kupunguza watu: atoe taarifa mara afikiripo jambo hilo, aonyeshe habari zake wazi, na ashauriane juu ya mambo matano, yaani sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza madhara, namna ya kuchagua watu, wakati wa kupunguza, na malipo. Kama hapana chama cha wafanyakazi, ashauriane na wafanyakazi wenyewe. Wasipopatana, jambo lipelekwe kwa usuluhishi. Sheria hiyo yakataza pia ubaguzi wa kabila, mahali mtu atokako, dini, siasa, jinsia, mimba, ndoa, ulemavu na umri.

Mtu aliyetimiza miezi 12 ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, lakini isizidi miaka 10. Tufanye hesabu. Mshahara wa siku ukiwa shilingi 6,000, siku 7 ni shilingi 42,000. Mchukuzi wa miaka 5 atapata 210,000. Mlinzi wetu wa miaka 14 atahesabiwa miaka 10, yaani 420,000. Mbali na hiyo kuna mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo asiyoichukua na malipo ya notisi asipopewa notisi.

Turudi ghalani

Sasa tulitazame ghala letu tena. Tukisema wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, ataondoka mpima mizani, na baada yake mjane. Lakini mpima akiondoka, nani atapima pamba ya wakulima? Basi swali la kwanza lisiwe “Mtu gani?” Liwe “Kazi gani imepungua?” Mizigo imepungua, kwa hiyo mchukuzi mmoja atosha. Hao wawili wafanya kazi moja, basi muda wa kukaa kazini ni kipimo cha haki kati yao, na yule wa miaka 3 ndiye aondoke.

Abaki mmoja wa kutafuta, na hapa pana maumivu. Kufagia kwaweza kugawanywa kwa watu wote. Rula yasema mjane aondoke. Huruma yasema asiondoke. Kabla ya kuamua, sheria yatutaka tuulize kama kuna njia nyingine. Je, wote waweza kukubali kupunguziwa siku za kazi mpaka msimu ujao? Karani aweza kufanya nusu ya juma? Mwenyekiti aliye mjomba wa karani asikae katika kikao kitakachojibu swali hilo.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi katika ofisi ndogo iliyopunguza watu wawili kati ya watano. Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Aliandika majina usiku, peke yake, akiona uchungu. Asubuhi mlinzi alisikia habari zake dukani, alikokwenda kununua sukari. Mimi nilibaki. Mpaka leo sijui kwa nini nilibaki mimi, na mlinzi hajui kwa nini aliondoka yeye. Labda uchaguzi ulikuwa wa haki. Lakini haki isiyoelezwa hufanana sana na upendeleo, na tukikutana sokoni hatutazamani usoni.

Wasomaji wangu, hakuna rula isiyomkata mtu. Lakini iwekwe mezani kabla ya majina, wote waione, na atakayekatwa apate nafasi ya kusema.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kipimo cha nyapara kilikuwa na ubaya gani?
2. Katika ghala letu, mjane abaki au aondoke? Toeni sababu, kisha mseme kama mngezitoa mbele yake.
3. Kibarua mwenye miezi 8 kazini hana kiinua mgongo. Je, jambo hili laweza kumvuta mwajiri achague vibaya? Kwa nini?
4. Fikirini mahali pa kazi mnapopafahamu. Andikeni vipimo vitatu mngevitumia huko, bila kutaja jina la mtu ye yote.