Kiti cha Mzazi katika Kikao cha Shule

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Wakazi wengi wa mwambao huu walikimbilia Tanzania. Wakimbizi wengine wa mwaka huo walihama kutoka nchi hadi nchi na kambi hadi kambi kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Marekani ilipoanza kuwapokea kwa maelfu mwaka 2007.

Huko, mzazi aliyekulia kambini huweza kupokea barua: mwanawe anajifunza kwa shida, aje shuleni kupanga elimu yake. Kwetu, kuitwa shuleni ni dalili ya kosa. Nimewaona wazazi wakiomba radhi kabla ya kusalimu. Lakini barua hiyo ina historia nyingine.

Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilikiri kwamba watoto milioni 1 wenye ulemavu walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Sheria aliyoitia saini Rais Gerald Ford mwezi Novemba mwaka huo ilizitaka shule kumwandikia kila mtoto wa namna hiyo mpango wake, nao upitiwe kila mwaka, mzazi akiwa mjumbe wa kikao. Leo, mzazi asiyeielewa lugha hutafutiwa mkalimani na shule, na huduma hizo hazianzi bila idhini yake ya maandishi. Basi mzazi hujiandaa: huomba mkalimani mapema, huandika anayoyaona nyumbani (mtoto huchoka saa ngapi, hutulia kwa jambo gani), wala hatii sahihi karatasi ambayo hakusomewa akaielewa. Kumfanya mtoto mwenyewe awe mkalimani ni kumtwisha mzigo wa wakubwa.

Burundi nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, ikatunga sheria yake Januari 2018. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuandika mpango wa mtoto mmoja asiposaidiwa na anayemjua mtoto huyo tangu kuzaliwa.

Wanafunzi wangu, tazameni pia sarufi: kiziwi, kipofu na kiwete yana umbo la KI-VI kama kiti na kikapu, lakini upatanisho wake ni wa A-WA. Husemi "kiziwi kimefika". Kiziwi amefika, na mama yake yumo kikaoni.