Mchanganyiko wa maji na alkoholi: Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Mchanganyiko wa maji na alkoholi ni kimiminika kinachopatikana ethanoli, ambayo madukani huitwa spiriti, inapotiwa katika maji. Viwili hivi huchanganyika kwa kiasi chochote bila kujitenga. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako wakazi walio wengi mno ni Waislamu na starehe inayotawala baraza za jioni ni miraa, mchanganyiko huu hujulikana zaidi hospitalini kuliko baa. Tabia zake hapa huamuliwa na joto. Mji wa Garissa, ukingoni mwa Mto Tana, uko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Machi joto hupita digrii 35 za Selsiasi.

Ujazo na densiti

Tabia mashuhuri kuliko zote ni kusinyaa. Mililita 50 za maji zikitiwa katika mililita 50 za ethanoli hazitoi 100, bali 96 au 97. Molekuli za aina hizo mbili hushikana na kubanana kuliko zilivyokuwa kila moja na mwenzake, na chombo hupata joto papo hapo. Mkemia Mrusi Dmitri Mendeleev, yule wa jedwali la elementi, aliandika tasnifu yake ya 1865 juu ya jambo hilihili.

Ndiyo maana mtengenezaji mjuzi hapimi maji kando. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya lita 10 za kitakasa mikono hutaka mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hujazwa mpaka alama ya lita 10. Anayekokotoa maji kwa kutoa na kujumlisha tu hupungukiwa.

Ethanoli safi ina densiti ya gramu 0.789 kwa mililita katika digrii 20, na maji 0.998. Tofauti hiyo ndiyo husomwa na haidromita ya alkoholi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya digrii 20. Mchanganyiko wa asilimia 40 ukipimwa katika chumba chenye digrii 35 huonyesha karibu 45 au 46, kwa kuwa ethanoli hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko maji. Bila kupoza sampuli, au bila jedwali la kusahihisha, kipimo cha adhuhuri ya Garissa ni uongo mtupu.

Kuna udhaifu mbaya zaidi. Methanoli, ambayo hupofusha na kuua, ina densiti ya 0.792, kwa hiyo haidromita haiwezi kuitofautisha na ethanoli. Wala pua na ulimi si vipimo vya kutegemewa. Pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi mwezi Novemba 2000, na zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, mwezi Mei 2014.

Kuchemka na kukeneka

Usawa wa bahari, ethanoli huchemka kwa digrii 78.3 na methanoli kwa 64.7. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na digrii 94. Garissa hukaribia kabisa 100. Kukeneka kwa kawaida hukwama ethanoli inapofika asilimia 95.6 kwa uzani, kwani hapo mvuke na kimiminika huwa na uwiano mmoja.

Mvuke na moto

Mchanganyiko wa asilimia 80 kwa ujazo hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia digrii 17.5; wa asilimia 40, kuanzia digrii 26 hivi. Ghala lisilo na kipoza hewa Garissa hupita viwango vyote viwili karibu kila siku ya mwaka. Zaidi ya hayo, mwali wa ethanoli ni wa samawati hafifu, na katika jua kali la eneo hili hauonekani kwa urahisi. Chombo kisichofungwa vizuri hupoteza ethanoli haraka kuliko maji, na kinachobaki huwa dhaifu kuliko lebo inavyodai.

Mnato

Mnato wa mchanganyiko huwa mkubwa kupita wa maji na wa ethanoli pia, kileleni karibu na asilimia 45 kwa uzani.

Matumizi ya sasa

Spiriti ya asilimia 70 husafishia ngozi kabla ya sindano. Huua vijidudu vizuri kuliko ya asilimia 96, kwa kuwa maji huisaidia kuharibu protini na kuichelewesha kukauka. Baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini kutangazwa tarehe 13 Machi 2020, serikali ilitoa ethanoli iliyokamatwa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya itengenezewe vitakasa mikono. Ethanoli ya nchini hutokana zaidi na molasi za miwa ya magharibi, kwa mfano Muhoroni. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu spiriti ipakwe kwa usafi na tiba. Kuinywa ni haramu.