Nondo Wawili wa Medford

Katikati ya karne ya 19, ugonjwa uitwao pebrini, unaoua viwavi wa hariri kabla hawajasokota vifukofuko vyao, ulikuwa umeidhoofisha mno biashara ya hariri ya Ufaransa, hata wakatokea watu waliotafuta nondo mwingine wa kushika nafasi ya yule wa China. Miongoni mwao alikuwamo Étienne Léopold Trouvelot, mchoraji Mfaransa aliyeihama nchi yake baada ya mapinduzi ya mwaka 1851 na kufanya makao Medford, karibu na Boston, Marekani.

Nondo wake wa kwanza, Antheraea polyphemus, ni mwenyeji wa misitu ya Amerika Kaskazini. Mabawa yake yakikunjuliwa huweza kufikia sentimita 15, na kiwavi wake husokota kifukofuko kinene cha hariri ya kweli, ambamo hujihifadhi wakati wa baridi. Trouvelot alianza mwaka 1860 na viwavi wawili tu, na kufikia mwaka 1865 alikuwa na wapatao milioni moja, wakila majani chini ya wavu katika eneo la ekari tano. Hiyo ni kazi ya uvumilivu mkubwa, iliyostahili kukumbukwa kuliko kosa lililoifuata.

Nondo wa pili, Lymantria dispar, aliletwa kutoka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1860, na baadhi yao wakatoroka. Kwa hariri hakufaa kitu, kwa kuwa kiwavi wake hufunga nyuzi chache tu. Jike wake ana mabawa lakini haruki. Hata hivyo hutaga mamia ya mayai katika fungu moja, na viwavi wachanga, wakining'inia kwenye uzi, huchukuliwa na upepo hadi miti mingine, nao hula majani ya aina zaidi ya 300 za miti na vichaka. Mwaka 1889 miti ya Medford ilibaki mitupu katikati ya kiangazi, na viwavi wakaingia hadi majumbani. Jimbo la Massachusetts lilianza kumpiga vita nondo huyo mwaka uliofuata, na katika vita hivyo ikabuniwa sumu ya kunyunyiza iliyochanganya risasi na aseniki.

Mwaka 1906, katika vita hivyo hivyo, akaletwa Compsilura concinnata, nzi wa Ulaya ambaye mabuu yake hukulia ndani ya mwili wa kiwavi na kumuua. Nzi huyo hupata vizazi kadhaa kwa mwaka, ilhali Lymantria ana kimoja tu. Basi viwavi hao wanapokwisha, nzi huwageukia wengine, wakiwemo wa polyphemus na jamaa zake wakubwa wa hariri. Uchunguzi wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 2000 ulimhusisha nzi huyo na kupungua kwa jamaa hao, huku Lymantria, aliyekusudiwa kuangamizwa, akiendelea kuenea kuelekea magharibi.