Gemu za zamu: zinafaa kwa mashindano, au ni za kulalia tu?

Test zimeisha, msuli umepumzika kidogo, na ubishi umehamia hapa hosteli. Swali lenyewe: gemu za zamu, zile za kukuza wahusika wako na kupigana kwa kupokezana, zinaweza kuwa mashindano ya kweli kama mpira wa kwenye pleistesheni? Wengi wanasema hapana, eti hakuna spidi ya vidole na bahati imezidi. Mimi naona historia imeshajibu, ila jibu lina masharti.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1974 ilitoka Dungeons & Dragons kule Marekani, ikichezwa mezani kwa karatasi na dadu. Wizardry ikaja kwenye kompyuta mwaka 1981, kisha Wajapani wakatoa Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987. Sasa angalieni kitu kimoja: katika gemu hizi adui ni mashine. Jitu likikupiga, unarudi porini kuua vijidudu mpaka level ipande, halafu unakwenda kulipiza. Saa nyingi zinafanya kazi ya akili. Kwenye mashindano hiyo ni sumu, maana atashinda asiye na kipindi cha asubuhi.

Mlango ulifunguka tarehe 27 Februari 1996, zilipotoka Pokémon Red na Green za Game Boy, kazi ya Satoshi Tajiri na kampuni yake ya Game Freak. Unachomeka waya kati ya Game Boy mbili, na adui anakuwa binadamu mwenzako. Mwaka 1997 Nintendo wakaandaa kombe Japani: unakuja na sita, unachagua watatu, level kati ya 50 na 55, na jumla ya watatu isizidi 155. Sheria ndogo, lakini ndiyo iliyomfunga mtu wa saa nyingi. Ukimpandisha mmoja, wenzake lazima washuke.

Mwaka 2009 yakaanza mashindano ya dunia ya gemu hizi, San Diego. Huko wanapigana wawili kwa wawili, unachagua wanne kati ya sita, na wote wanahesabiwa level 50. Halafu zamu yenyewe si kama ya bao, kwamba mimi nacheza, wewe unatazama, kisha unajibu. Wote mnachagua kwa siri, kisha mambo yanafumuka kwa mpigo, mwenye kasi akianza. Ukihisi atapiga, unajikinga. Akihisi utajikinga, anatumia nafasi hiyo kujiimarisha. Hapo unasoma mtu, si mashine.

Bahati peke yake ingekuwa bingwa, Ray Rizzo wa Marekani asingetwaa ubingwa wa dunia 2010, 2011 na 2012 mfululizo. Na wanaosema haitazamiki, waitafute fainali ya 2014 ya Washington. Se Jun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kijinyama kama kindi ambacho watu walikuwa wanakicheka. Kazi yake ilikuwa kuvuta mapigo yaje kwake ili mwenzake apige kwa raha. Ukumbi ulilipuka, na Park akaondoka bingwa.

Lakini tusidanganyane, bahati ipo. Hydro Pump inalenga kwa asilimia 80, yaani kwa wastani inakosa mara moja kwenye kila tano. Dawa yake ni hesabu: mwenye nafasi ya asilimia 60 kwenye gemu moja, mkicheza mshindi wa mbili kati ya tatu anafika 64.8, na tatu kati ya tano anafika kama 68. Inasaidia, ila haimalizi.

Kidonda kikubwa kwangu ni maandalizi. Mwaka 2023 kule Yokohama, wachezaji kadhaa walitolewa kwa kutumia Pokémon waliochezewa kwa programu za nje. Sheria ni sheria, siwatetei. Lakini kwa nini mtu mwenye uwezo wa kupambana na dunia atumie saa kibao kulea kikosi kabla hajaonyesha akili yake? Ile sumu ya saa imerudi kwa mlango wa nyuma. Anayeumia ni mwanafunzi wa boom la mawazo na mashine ya kuazima.

Kwa hiyo msimamo wangu: gemu ya zamu inafaa kwa mashindano ikiwa adui ni mtu, mnachagua kwa pamoja, na maandalizi ni sawa kwa wote. Zile za kupigana na mashine, kama Final Fantasy nyingi, tushindane nani anamaliza haraka.

Kama kweli tunataka ligi ya hosteli muhula huu, tuanze na sheria kabla ya kugombania pedi. Wapinzani karibuni, leteni nondo zenu.