Watoto Waliopotea Njia Mjini Nairobi, Wavulana kwa Wasichana

Tukitaka kujua chanzo cha utukutu wa watoto mjini, yatupasa tuanze na kitanda. Katika Nairobi ya kikoloni nyumba nyingi za wafanyakazi zilijengwa kwa hesabu ya kitanda kimoja kwa mwanamume mmoja. Mke na watoto wakabaki mashambani, na baba akawa mgeni wa likizo.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari, Oktoba 1952, hata nusu ya nyumba iliyosalia ilivunjika. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji, na maelfu ya wanaume wakapelekwa kambini. Huko Ugikuyu akina mama walihamishiwa vijiji vipya na kushurutishwa kuchimba mahandaki. Mtoto nani amwangalie? Wavulana wengi wakaja mjini, wakalala sokoni, wakaitwa wazururaji. Baadhi ya waliozuiliwa walipelekwa shule ya Wamumu, na mwaka 1959 Starehe ikaanza kwa vibanda viwili vya mabati.

Je, mabinti walikuwa wapi? Wengi walikuwa majumbani mwa watu, wakilea watoto wasio wao, ama waliozwa mapema. Hatusemi kwamba walikuwa wema kuliko kaka zao. Ila polisi humwandika aliye barabarani, na taabu ya binti ilifichwa na kuta. Kituo cha wasichana cha Starehe kilifunguliwa mwaka 2005, yaani miaka 46 baada ya kile cha wavulana.