Plamu kavu: zinasaidia nini, na mkazi wa Mathare afanye nini?

Plamu kavu ni tunda la plamu lililoiva likakaushwa hadi likawa jeusi na kujikunja. Plamu mbichi hulimwa nyanda za juu kama Limuru. Zile kavu hupatikana zaidi supamaketi.

Choo. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 40 waliosumbuliwa na kufunga choo. Kila mmoja alikula gramu 50 za plamu kavu mara mbili kwa siku kwa wiki 3, na kwa wiki 3 nyingine akatumia sailiamu, unga wa nyuzinyuzi unaouzwa maduka ya dawa. Plamu zilifanya kazi vizuri zaidi. Gramu 100 zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, pamoja na sorbitoli, sukari inayovuta maji utumboni na kulainisha choo.

Mifupa. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Penn State kilitoa matokeo ya wanawake 235 waliokoma hedhi. Waliokula gramu 50 kila siku kwa mwaka mmoja hawakupoteza uimara wa mfupa wa nyonga kama wasiokula. Utafiti huo ulifadhiliwa na bodi ya wakulima wa plamu wa California, jambo la kukumbuka tunapousoma.

Tahadhari. Ukizidisha utapata gesi na kuhara. Gramu 100 zina karibu gramu 38 za sukari, na potasiamu ni nyingi. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Mathare. Bei ya plamu kavu si ya kila mfuko, lakini nyuzinyuzi zimo pia kwenye maharagwe, githeri, sukuma wiki na papai. Zitumiwe pamoja na maji ya kutosha. Hata hivyo, chakula pekee hakitoshi. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2010 ilieleza jinsi wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, Mathare ikiwemo, wanavyoogopa kwenda vyoo vya mbali usiku. Anayezuia haja hadi asubuhi, utumbo huendelea kunyonya maji na choo hukauka. Hapo dawa ni choo cha karibu chenye taa, si tunda.

Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu au tumbo likiuma sana, nenda kituo cha afya.