Bustani za ndege na mbuga za kupita na gari: zinafanyaje kazi, na zinatuhusu nini?

Neno "safari" ni letu. Mtu akisema yuko safarini, huenda anakwenda mnadani, hospitali ya wilaya au msibani. Lakini huko Ulaya, Marekani na Asia neno hilo limebaki na maana moja: kwenda kutazama wanyama wa porini. Ndiyo maana utalikuta kwenye vibao vya malango katika nchi ambazo hazijawahi kuwa na simba wala twiga wa asili. Mgeni hulipa kiingilio, hufunga vioo vya gari lake, kisha huendesha polepole katikati ya wanyama. Kuna pia bustani za ndege, ambazo mgeni huingia kwa miguu chini ya wavu mkubwa, na kasuku huweza kumtua begani.

Wasikilizaji wetu wengi wanaishi mahali ambapo tembo huingia shambani bila hodi na fisi huzunguka zizi usiku. Kwao swali la kwanza ni hili: mtu analipaje fedha ili apite karibu na simba? La pili ni zito zaidi: wanyama hao walitoka wapi, na kuna faida gani inayorudi huku kwetu? Katika makala haya tunajibu yote mawili.

Zilianzaje?

Mbuga ya kwanza ya kupita na gari nje ya Afrika ilifunguliwa mwaka 1966 huko Longleat, kusini-magharibi mwa Uingereza. Longleat ni jumba kubwa la ukoo wa kitajiri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kodi na matengenezo ya majumba kama hayo viliwaelemea wenyewe. Mmiliki wake, Lord Bath, alianza kuwatoza watu kiingilio cha kuliona jumba mwaka 1949. Baadaye alishirikiana na Jimmy Chipperfield, mtu wa familia ya sarakasi aliyezoea kufuga simba, wakaleta simba kwenye shamba la jumba hilo. Wapo waliopinga, wakihofia simba kutoroka. Lakini siku lango lilipofunguliwa, magari yalipanga foleni.

Wazo lenyewe lilikuwa kuigeuza bustani ya wanyama. Kwa miaka mingi mnyama alikuwa kizimbani na mtu akitembea huru. Hapa mtu ndiye anayefungiwa ndani ya bati na kioo, na mnyama anatembea kwenye nyasi. Biashara hiyo ilisambaa haraka: Florida nchini Marekani mwaka 1967, Thoiry nchini Ufaransa mwaka 1968, Ontario nchini Kanada mwaka 1969.

Kuna Serengeti nyingine Ujerumani

Mwaka 1974 mbuga ya aina hiyo ilifunguliwa Hodenhagen, kaskazini mwa Ujerumani, ikapewa jina la Serengeti-Park. Jina hilo halikuchaguliwa bure. Wajerumani walikuwa wakiijua Serengeti kupitia Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe Michael waliruka kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakihesabu nyumbu na wanyama wengine wa Serengeti. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafariki. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Filamu yao kuhusu Serengeti ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Grzimek mwenyewe alifariki mwaka 1987, na majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mwanawe.

Tulinganishe ukubwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ile ya Hodenhagen ina hekta 220 hivi. Ungeweza kuipanga ndani ya Serengeti yetu zaidi ya mara 6,000. Hakuna nafasi ya nyumbu kuhama kufuata mvua, na simba hawindi. Huletewa nyama, na baridi ikizidi huwa na mabanda ya kujikinga.

Gari likiwa kizimba

Usalama wa mbuga hizi unategemea mambo machache. Sehemu ya wanyama wakali ina malango mawili yanayofuatana. Gari likiingia la kwanza, hufungwa nyuma yake ndipo la pili lifunguliwe, ili mnyama asipate upenyo wa kutoka. Simba na chui milia hutengwa na wanyama wala majani kwa uzio imara. Askari hukaa kwenye magari yao humo humo ndani, wakiangalia wanyama na pia watu. Gari likiharibika, abiria hawatoki. Hupiga honi na kusubiri kuvutwa.

Nyani ndio wasumbufu wakubwa. Katika mbuga ya Knowsley nchini Uingereza wanajulikana kwa kung'oa mipira ya madirisha na vifuta mvua, na wenye magari mapya huambiwa wapite njia ya pembeni.

Msiba hutokea pale mtu anapodhani mnyama aliyezoea magari amezoea watu pia. Mwaka 2015, katika mbuga ya simba karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, mgeni aliyekuwa kwenye gari lenye kioo kilichoshushwa aliuawa na simba. Mwaka 2016, katika mbuga ya Badaling karibu na Beijing, China, mwanamke alishuka garini katika eneo la chui milia. Alivamiwa na kujeruhiwa vibaya. Mama yake aliyeshuka kumwokoa aliuawa. Simba aliyezaliwa ndani ya uzio bado ni simba.

Ndani ya bustani ya ndege

Katika wilaya hiyo hiyo ya Ujerumani kuna bustani ya ndege ya Walsrode, iliyofunguliwa mwaka 1962 na inayohesabiwa miongoni mwa kubwa duniani. Singapore ilifungua ya kwake, Jurong, mwaka 1971. Waziri Goh Keng Swee ndiye aliyelipendekeza jambo hilo, akitaka wananchi wa mji uliojaa viwanda wapate mahali pa kupumzika. Jurong ilifungwa Januari 2023, ndege wakahamishiwa bustani mpya katika eneo la Mandai. Afrika Kusini kuna Birds of Eden, karibu na mji wa Plettenberg Bay, ambako wavu mmoja umefunika zaidi ya hekta mbili za msitu. Wengi wa ndege wake walikuwa wakifugwa majumbani kwenye vitundu, wakaletwa hapo wajifunze kuruka tena.

Kazi ya bustani ya ndege ni ya jikoni kuliko watu wanavyodhani. Wala matunda, wala samaki, wala wadudu na wanyonya asali ya maua hawawezi kulishwa chakula kimoja. Heroe, wale ndege wa waridi wa Ziwa Natron, hupauka wasipopata kwenye chakula ile rangi ambayo huku huitoa kwenye mwani na vijidudu vya maziwa ya magadi. Kuna mashine za kutotolea mayai, na kuna karantini kwa kila ndege mgeni. Homa ya mafua ya ndege ikiripotiwa jirani, bustani inaweza kulazimika kuwafungia ndege wake ndani kwa wiki kadhaa.

Ndege hao walitoka wapi?

Leo wengi huzaliwa humo humo bustanini, na bustani hubadilishana kati yao. Zamani haikuwa hivyo. Ndege walinaswa porini kwa maelfu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza sana. Kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, wanaopatikana kusini mwa Ziwa Victoria na kuitwa kasuku wa Fischer, walikuwa katika miaka ya 1980 miongoni mwa kasuku waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Wengi waliishia kwenye vitundu vya sebuleni, siyo kwenye bustani. Huko porini idadi yao ikashuka.

Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaweka katazo la kudumu. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016. Ni vizuri kila msikilizaji ajue kwamba kunasa ndege au mnyama wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama mnunuzi anasema karatasi zote anazo yeye.

Je, kuna mnyama aliyewahi kurudi nyumbani?

Hapa ndipo mbuga hizi zinapopimwa. Wanyama wengi waliomo hawatarudi porini kamwe, na hawakufugwa kwa lengo hilo. Lakini wapo waliorudi, na baadhi wamerudi kwetu.

Choroa mweupe wa Arabuni aliisha porini mwaka 1972, wa mwisho walipouawa Oman. Kundi dogo lilikuwa limeshapelekwa Marekani mapema, likazaliana Phoenix na katika mbuga ya San Diego. Mwaka 1982 choroa waliachiwa tena katika jangwa la Oman. Hadithi haikuishia kwenye furaha. Ujangili ulirudi miaka ya 1990, na mwaka 2007 eneo lao likaondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

San Diego ilishiriki pia kumwokoa kondori, tumbusi mkubwa wa California. Mwaka 1987 walikuwa wamebaki 27 tu duniani, wote mikononi mwa watu. Vifaranga walilishwa kwa mdoli wa mkononi wenye sura ya mama yao, ili wasimzoee binadamu. Tangu mwaka 1992 wamekuwa wakiachiwa, na sasa mamia wanaruka porini. Adui yao mkubwa ni sumu ya risasi iliyobaki kwenye mizoga.

Huku kwetu, mwaka 2009 faru weusi watatu waliletwa Mkomazi kutoka Dvůr Králové, mbuga iliyopo Jamhuri ya Czech. Mwaka 2019 wengine watano waliozaliwa Ulaya, wakiwemo wa mbuga za Denmark na Uingereza, walipelekwa Akagera nchini Rwanda. Mjukuu wa faru aliyechukuliwa Afrika amerudi kula miiba ya Afrika.

Lakini Dvůr Králové hiyo hiyo inatuonyesha mpaka wa jambo hili. Ilikuwa na faru weupe wa kaskazini, jamii ambayo porini imekwisha. Desemba 2009 wanne walipelekwa Ol Pejeta, Kenya, kwa matumaini kwamba hewa na nyasi za nyumbani zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Dume aliyeitwa Sudan, aliyekamatwa mtoto mwaka 1975, alifariki Machi 19, 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, wakilindwa na askari usiku na mchana. Wanasayansi wanajaribu kutengeneza viinitete maabara kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume zilizogandishwa, ili vibebwe na faru wa jamii ya kusini. Uzio ulimhifadhi faru mmoja mmoja, lakini makundi yao huko walikotoka yalikuwa yamekwisha.

Yasiyoonekana kupitia kioo

Mgeni anayepita Hodenhagen anaona tembo akila. Haoni debe la mahindi lililopotea usiku mmoja, wala mtoto anayesubiri jua lichomoze vizuri ndipo aende shule. Tembo wa uzioni halali na njaa na halazi mtu njaa. Kwa hiyo mbuga hizi haziwezi kuchukua nafasi ya pori. Zinaweza kuwa akiba ya wachache, na akiba hiyo ina maana tu kama kuna mahali pa kuirudisha, na kama watu wa mahali hapo wana sababu ya kuipokea. Mkomazi na Akagera zilipokea faru kwa kuwa ardhi ilikuwepo, ulinzi ulikuwepo, na wanaoishi jirani walihusishwa.

Jambo moja lipo mikononi mwetu moja kwa moja. Kondori wa California karibu aishe kwa sumu iliyo kwenye mizoga. Barani Afrika tumbusi wanakufa kwa namna inayofanana, pale mtu aliyeliwa ng'ombe na simba anapotia sumu kwenye mzoga. Simba mmoja hufa, na tumbusi kwa makumi. Tumbusi ndio wanaosafisha mizoga kabla haijaleta maradhi kwa mifugo na mbwa wetu. Hakuna bustani ya ndege duniani inayoweza kutotoa tumbusi wa kutosha kufanya kazi hiyo.

Ya kukumbuka

Ukivamiwa na mnyama shambani au zizini, toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, kwa kuwa maombi ya kifuta jasho na kifuta machozi huanzia hapo. Usitie sumu kwenye mzoga. Mtu akija kijijini kununua ndege au wanyama hai, muulize kibali mbele ya uongozi wa kijiji. Na ukipata nafasi ya kuingia hifadhini ndani ya gari, baki ndani na funga kioo, hata kama simba anaonekana amelala.

Una swali kuhusu wanyamapori na sheria zake? Tutumie ujumbe mfupi kwa namba ya kipindi, nasi tutamtafuta mtaalamu alijibu hewani.